Mkuu wa Dobi Aliyejifunza Kunyamaza

Saa moja kasoro robo asubuhi, mashine tatu kubwa za chumba cha kufulia nguo cha hospitali zinaunguruma kwa pamoja, na mvuke umeshapanda hadi kwenye taa. Mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani amesimama mbele ya rundo la mashuka. Hamwamrishi mtu. Anakunja shuka lake, pembe kwa pembe, huku wenzake kumi wakigawana kazi.

Wote humwita Mama Pasi. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mkuu wa chumba hiki. Kwa siku hufuliwa hapa mashuka mia sita, mbali na nguo za chumba cha upasuaji.

"Zamani ungenisikia kutoka getini," anasema. "Shuka likikunjwa vibaya, nalifungua nalikunja mwenyewe. Dawa ya kutoa madoa ya damu nachanganya mimi, kipimo nakijua mimi. Ukiniuliza, nakwambia niachie."

Hakuona kasoro. Kazi ilikuwa inakwenda, na sifa zote zilikuwa zake.

Miaka mitatu iliyopita aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, akavunjika mguu. Akapewa wiki sita za kukaa nyumbani. Siku ya tatu tu, mashuka safi yakaisha. Hakuna aliyejua kipimo cha dawa, wala nguo za wodi ipi zianze.

Muuguzi mkuu akamfuata nyumbani kumweleza. Mama Pasi hafichi alichohisi: "Nilifurahi. Nikasema, haya, sasa wamenijua mimi ni nani."

Mgeni wake hakufurahi. "Mwenzangu, hiyo si sifa," alimwambia. "Leo kuna mama ameshinda na njaa akisubiri kupasuliwa, akarudishwa wodini kwa kukosa shuka. Na kama ungekuwa umekufa?"

Alirudi kazini kwa magongo. Kitu cha kwanza, aliandika vipimo vyote kwenye karatasi akaibandika ukutani. Kisha akatangaza kwamba kila wiki mmoja wao atakuwa mkuu, na yeye atafanya kazi atakayopangiwa.

Mambo hayakunyooka. Wiki ya pili, makoti meupe ya madaktari yalitoka kwenye mashine yakiwa ya kijani. Mzee anayesimamia mashine za kukaushia alikataa zamu yake mara mbili. "Kila Jumatatu bosi mpya," alinung'unika. "Mtu unaamka hujui leo utatumwa na nani."

Mama Pasi alijifunga mdomo. Mumewe anasema gharama aliilipa yeye: maneno yote ambayo mkewe aliyameza kazini, aliyatapika nyumbani.

Ikafika zamu ya dada mmoja mfuaji, mpole mno, ambaye wenzake walimpachika jina la Kimya. Hakubisha, angebishaje?

Siku ya tatu ya zamu hiyo, mashine moja ya kukaushia ilikufa. Nguo za upasuaji zikatoka na unyevu. Daktari akaja mwenyewe, ana haraka, akataka kuzichukua zilivyo.

"Hizi bado mbichi, daktari," Kimya alisema. "Tupe nusu saa."

"Mkubwa wa hapa ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Mama Pasi. "Mdomo uliniwasha," anakumbuka. "Nilikuwa na jibu tayari kwenye ulimi." Akaelekeza kidevu kwa Kimya, akaendelea kukunja.

"Wiki hii ni mimi," Kimya akasema. "Nguo yenye unyevu inabeba vijidudu. Sitoi."

Halafu akawageukia wenzake na kuwataka wote washike pasi, hata yule mzee. Baada ya dakika ishirini na tano daktari aliondoka na nguo kavu. Hakuaga.

"Mdomo wangu ulikuwa umekauka kuliko hizo nguo," Kimya anasema leo. "Ila nilimwona Mama hageuki. Nikajua ameniachia kweli."

Tangu hapo wafuaji wawili wamechukuliwa kusimamia usafi wa wodi, na yule mzee amemaliza zamu yake ya kwanza. Bado ananung'unika.

Mama Pasi anastaafu baada ya miezi minane, lakini hataki kusubiri. Ameiandikia ofisi barua akiomba Kimya awe mkuu rasmi kuanzia mwezi ujao, na yeye abaki kwenye meza ya pasi. Ofisi ilimuuliza mara mbili kama ana ugomvi na mtu.

"Sina," anasema. "Kuongoza nimejifunza, ingawa nilichelewa. Kuongozwa bado. Nataka kabla sijaondoka yule dada anirudishie shuka aseme, Mama, hili hujalikunja vizuri. Na mimi nilikunje upya, bila kujibu."