Sufuria Iliyobiringikia Ziwani

Ukoko wa pilau uliolowekwa na majivu una harufu yake, na ukishaizoea utotoni huisahau. Ni iliki na moshi, juu yake matope mabichi, na kwa mbali shombo ya perege. Mimi niliizoea kwenye ukingo wa bwawa lililokuwa nyuma ya mtaa wetu, Kisarawe. Bwawa hilo lilichimbwa zamani sana kwa ajili ya shamba ambalo siku zetu lilikuwa limebaki vichaka vitupu, na watoto wote tuliliita ziwa, kwa sababu ziwa lenyewe hatukuwahi kuliona na hakuna mkubwa aliyejisumbua kutusahihisha. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Pembeni yalikuwa ya magotini, kisha ghafla chini panakatika na hakuna aliyejua kina chake. Tulikuwa tunaoga, tunafua, tunavua samaki kwa vyandarua vilivyochakaa, na jioni tunarudi nyumbani macho mekundu, tukiapa kwamba hatukugusa maji.

Sisi tulikuwa wageni pale. Baba alikuwa bwana afya, akahamishiwa Kisarawe kutoka Songea kabla sijaanza shule, na kwa miaka kadhaa tuliishi kama watu wanaosubiri basi. Hatukukosa salamu wala sahani ya futari kutoka kwa majirani, hata sisi tusiofunga, lakini Mama alikuwa anajua tofauti ya mtu anayeletewa chakula na mtu anayeitwa jikoni kukipika. Kwenye shughuli alikuwa anapewa kiti. Wenzake wako nyuma ya nyumba, wamejifunga khanga viunoni, wanakoroga na kutaniana mambo ambayo hayaandikiki, yeye amekaa mbele na soda mkononi. Alikuwa anakichukia kile kiti kuliko kitu chochote.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa furaha yake siku alipopewa vyombo. Kina mama wa mtaa walikuwa na vyombo vyao vya shughuli, walivyochangishana kununua: sahani, majagi, miiko mirefu na masufuria, likiwemo moja kubwa ambalo mimi na wadogo zangu wawili tungeweza kukaa ndani tukabakiza nafasi ya mgeni. Harusi, maulidi, hitima au kipaimara, vyombo ni hivyohivyo. Aliyekuwa anavitunza alihamia kwa mwanawe, na Bi Tausi, jirani yetu aliyekuwa mkuu wa kina mama wote pale, akasema mbele ya kikao kwamba sasa vitalala kwa Mama Stella. Stella ni mimi. Baadhi walikohoa. Mama alirudi nyumbani akahamisha magunia ya mahindi sebuleni ili vyombo vipate chumba, na Baba akala chakula cha usiku ameegemea gunia bila kulalamika.

Basi pale kwetu walikuwa na namna yao ya kuosha sufuria ya pilau. Ukoko wa sufuria kubwa hautoki kwa kusugua, labda uwe na mikono ya chuma. Baada ya shughuli waliupaka majivu, wakaipeleka sufuria ziwani na kuilaza ubavu kwenye maji ya magotini, mdomo ukielekea kwenye kina, ikalala humo hadi asubuhi. Perege waliingia wenyewe. Walikula usiku kucha, na asubuhi mwenye sufuria anakuja na kumbi la nazi kusugua mabaki. Mama alikuwa ameona sufuria zikilazwa vile mara nyingi, ila kutoka kwenye kiti chake. Baada ya hitima ya kwanza tangu apewe vyombo, alikataa msaada wa mtu, akaiviringisha mwenyewe hadi majini, akailaza ubavu vizuri kabisa. Usiku ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi tulipofika, palikuwa na mfereji mpana kwenye matope, umenyooka kutoka pale ilipolala mpaka pale chini panapokatika.

Kumbe ndani ya sufuria huwekwa jiwe, ili isibiringike. Wanawake wote wa mtaa ule walilijua hilo jiwe, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mama alisimama majini akitazama ule mfereji, mikono kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akilia kwa Kingoni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti wa Bi Tausi. Mtaa mzima ulikuwa umealikwa, mpunga umeshapepetwa, na sufuria ya kupikia wali imelala chini ya ziwa. Baba alisema atatafuta nyingine Kariakoo. Mama akamtazama kama mtu aliyesema tutafute mama mwingine. Hakuwa analilia sufuria. Alijua kwamba ikija nyingine, hata ikiwa kubwa kuliko ile, kwa miaka yote watu watasema ile ya zamani ilizamishwa na yule mgeni, na yeye atarudi kwenye kiti na soda. Tayari maneno yalikuwa yameanza kisimani. Vijana wawili walijaribu kupiga mbizi, wakatoka wanakohoa na kusema huko chini ni giza na matope yanavuta miguu. Mama aliacha kula. Alifungua chumba cha vyombo, akahesabu sahani, akafunga, akafungua tena.

Bi Tausi alikuja jioni, akakaa kwenye gunia. "Mama Stella," alisema, "jiwe hatukukwambia. Sisi tumezaliwa tunalijua, tukadhani kila mtu anazaliwa nalo. Sasa nyamaza. Nimemtumia salamu Shomari."

Shomari alikuwa mtoto wa dada yake, anakaa Kibaha, pale Kwa Mathias, na kazi yake ilikuwa kupiga mbizi bandarini Dar es Salaam kusugua matumbo ya meli. Tulikuwa tumesikia habari zake tukadhani ni uongo. Alifika Alhamisi ndani ya pikapu ya rafiki yake ya kubebea mihogo, amesimama nyuma ameukumbatia mtungi wa hewa, kwa sababu, alieleza, makondakta wa mabasi mawili walikuwa wamemshusha wakidhani ni gesi ya kulipuka. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye majivuno yasiyomkera mtu. "Shikamooni wazee wangu. Poleni dada," alimwambia Mama. "Mimi nimesugua meli zinazotoka nchi ambazo hata redio haizitaji. Sufuria itanishinda?"

Sijawahi kuona mtu akivaa nguo kwa madaha namna ile. Kwanza miwani mikubwa ya kuzamia, aliyoitemea mate na kuyapaka kioo, tukashangilia. Kisha mapezi ya mpira miguuni, yaliyomfanya atembee kinyumenyume hadi majini, tukashangilia zaidi. Kisha mtungi mgongoni na mpira wa kupumulia mdomoni. Mtaa mzima ulikuwa ukingoni, hadi mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake. Shomari alipunga mkono, akazama, na baada ya muda mapovu yakaanza kutoka katikati ya ziwa. "Anachemka!" alipiga kelele mdogo wangu, akaanza kulia, ikabidi abebwe.

Mara ya kwanza aliibuka na gurudumu la baiskeli. Mara ya pili akaibuka na ndoo isiyo na kitako, na mzee mmoja akaidai palepale, akisema ilimpotea kabla mkewe hajafariki. Watu wakaanza kucheka, na Mama akaanza kuangalia chini. Alikuwa amesimama majini karibu na pale panapokatika, yeye ambaye kuogelea hajui mpaka leo, ameshika mwisho wa kamba aliyojifunga Shomari kiunoni, na kila mtu aliyetaka kumpokea alimtikisia kichwa. Mara ya tatu Shomari alikaa sana. Kamba ikavutwa mara mbili. Akaibuka, akatoa ule mpira mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Dada, nimeishika sikio."

Kumbe kazi ilikuwa bado. Sufuria ilikuwa imejaa matope, nayo imejikita kwenye matope mengine. Wanaume walitaka kuivuta kwa kamba, Shomari akawaambia watabaki na masikio mikononi. Badala yake akaomba madumu. "Ya maji, ya mafuta, yoyote, ila yasiwe yametoboka." Sijui kama mnaweza kuona picha hiyo: watoto wa mtaa mzima tukikimbia nyumbani na kurudi na madumu ya njano, wengine wakimwaga maji yaliyochotwa asubuhi ile huku mama zao wakiwafokea kutoka ukingoni. Aliyashusha moja moja yakiwa yamejaa maji, akayafunga kwenye masikio ya sufuria midomo ikitazama chini, akachota matope kwa mikono kadiri alivyoweza. Halafu akawa anayapulizia hewa kutoka kwenye mtungi wake, dumu baada ya dumu. Sisi juu tuliona mapovu tu. Kelele zikapungua. Bi Tausi alikuwa anatembeza tasbihi.

Ziwa lilivimba kidogo, likapasuka, na madumu yakaruka juu yote kwa pamoja, yanagongana, na katikati yake ukaonekana ukingo wa sufuria ukitiririka matope. Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia kwenye harusi yoyote. Mama alivuta kamba kwa mikono yake miwili, akaikokota hadi kwenye maji mafupi, akaikumbatia. Perege walikuwa wanarukaruka ndani yake. Bi Tausi akaingia majini na gauni lake, akaipangusa tope kwa kiganja, akachungulia, akaingiza mkono mpaka kitako, na uso wake ukabadilika. Hapakuwa na ukoko hata punje. Samaki walikuwa wamekaa nayo siku zote hizo. "Jamani njooni muone!" alisema. "Tumeosha sufuria hii miaka na miaka, haijawahi kutakata hivi. Kumbe tulikuwa tunailaza juujuu!" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na Mama, aliyekuwa amelia wiki nzima, alicheka kuliko wote, amelowa kuanzia kichwani.

Hewa ilibaki kidogo kwenye mtungi, na Shomari akatuita watoto mmoja mmoja kwenye maji ya magotini. Zamu yangu ilipofika alinivalisha miwani, akanipa ule mpira niung'ate, akanibonyeza kichwa taratibu. Nilipumua. Nilikuwa ndani ya maji na nilipumua! Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikikwaruza kama msumeno, nikaona rangi ya chai, vidole vyangu na kijiperege kimoja kilichonishangaa. Nilikataa kutoka, ikabidi nivutwe. Jumamosi wali ulipikwa, na nilipokwenda kumtafuta Mama mbele kwenye viti sikumkuta. Alikuwa nyuma, khanga kiunoni, mwiko mrefu mkononi, anamtania bibi harusi kwa maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasikia.

Nimezamia tena nikiwa mtu mzima, Mafia, kwenye maji maangavu kiasi kwamba unaona kivuli chako juu ya matumbawe. Vifaa vilikuwa vipya, mwalimu alikuwa na cheti, na samaki walikuwa wa rangi ambazo sina majina yake. Nilifurahi sana. Lakini nilipoibuka palikuwa na mashua na watalii wanne wanaopaka mafuta ya jua, hakuna aliyenipigia kigelegele, na nilijikuta nacheka peke yangu. Ziwa letu nalo limepungua. Nyumba zimelisogelea, maji ya bomba yamefika, watoto wanaambiwa wasiende, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaowaambia. Siku hizi shughuli zinapikwa na watu wa kukodi, wanakuja na majiko ya gesi na sare, wanaondoka na vyombo vyao; vya mtaa vimelala tu chumbani kwa Mama. Sisemi ni vibaya. Kina mama wanapata kukaa.

Miaka michache iliyopita Baba alistaafu. Alikuwa ameshamaliza nyumba Songea, ya bati jekundu, na alikuwa ameitamani miaka yote aliyoishi kwenye nyumba za kupanga. Siku moja akaja na lori, akaliegesha mlangoni, akaanza kutoa makochi. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Baba akamuuliza mbona hajafunga mizigo, twende nyumbani. Mama hakuinua hata kichwa.

"Nenda, Baba Stella, uwasalimie sana," alimwambia. "Mimi nina vyombo vya watu."

Baba akatoka kwenda kuyarudisha makochi ndani.