Mkeka wa Sungura

Nikipita kwa wauza mikeka Kariakoo, harufu ya ukindu mpya hunirudisha uani kwa bibi, nyuma ya maduka, kwenye banda la sungura wangu mweupe.

Banda lilikuwa na sakafu ya waya, maana baba alisema waya hauchafuki. Siku moja sungura akagoma kutembea. Bibi akampakata, akamgeuza mguu. Chini ya kisigino manyoya yalikuwa yamekwisha, na ngozi ilikuwa nyekundu kama iliyoungua.

"Bibi, atakufa?"

"Hafi. Lete maji ya uvuguvugu na chumvi."

Alimwosha taratibu, akamkausha kwa pindo la kanga yake. Kisha akaukata mkeka aliokuwa akiulalia mchana, akatandika vipande juu ya waya. Kila jioni tulitoa kilicholowa, tukaweka kikavu, tukamtazama nyayo.

"Huyu hasemi anaumwa," aliniambia. "Usipomgeuza ukatazama, hujui kitu."

Mwenyewe alivaa soksi nene, joto lote lile la Dar. Akitaka kuinuka, alishika ukuta kwanza. Mama akimuuliza, alijibu, "Uzee tu, mwanangu."

Manyoya yakaota. Sungura akarudi kurukaruka uani.

Soksi zile zilivuliwa siku bibi alipofariki, wanawake walipokuja kumwosha, mlango umefungwa, udi unafuka. Mama alitoka nazo mkononi, visigino vina madoa makavu ya damu, akakaa chini karibu na banda. Kisha akaniita.

"Njoo hapa. Lete miguu yako niione."