Vumbi ni la Mungu

Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Nje kidogo ya Bariadi tulikuwa na tindiga, kinamasi kikubwa ambamo nilipokuwa binti tulikata matete, maji yakitufika magotini hata wakati wa kiangazi. Kisha jirani yetu, mtu wa ng'ombe wengi na maneno matamu, akachimba mfereji akayatoa maji apate pa kulima pamba. Matete akayachoma. Sehemu iliyomshinda kulima akawaachia ng'ombe wake, wakaisaga kwa kwato mpaka udongo ukawa unga. Mvua nazo zikawa za kusuasua. Sasa kila Julai upepo unauchota unga ule na kuuleta kwetu.

Mama yangu ana kifua. Hospitali walisema akae mbali na vumbi. Aende wapi? Nilifunga madirisha, nikatundika khanga zilizolowa mlangoni; jioni zilikuwa nyeusi tititi. Nikamwendea jirani kumwomba azibe mfereji.

Akacheka. "Mayu, vumbi ni la Mungu. Mwambie mama ajifunike shuka."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeivimbia ile "mayu" yake ya heshima. Mkuki kwa nguruwe, nilisema moyoni.

Msimu huu mimi ndiye ninayekagua pamba kwenye kituo cha kununulia. Akaja na mkokoteni wa ng'ombe, mizigo imefungwa vizuri. Juu pamba ilikuwa nyeupe. Nikapenyeza mkono hadi chini, ukatoka mweusi. Vumbi la tindiga! Ningelitambua hata gizani, tumelilalia miaka.

"Fifi," nikasema. Ndivyo tunavyoiita pamba chafu.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Si tunajuana?"

"Tunajuana sana, baba. Ukitaka ipokelewe kama safi, imwage hapo uikung'ute."

Utaratibu ndivyo ulivyo, sikumwonea. Lakini sijawahi kufuata utaratibu kwa raha namna ile. Alikung'uta juani, upepo ukimrudishia usoni kila alichokitoa. Akaanza kukohoa. Kikohozi kile nakijua: kinaanza kikavu, halafu kinamkunja mtu. Waliokuwa kwenye foleni wakanitazama, labda nitamwonea huruma. Nilibaki kwenye kiti changu.

"Vumbi ni la Mungu, baba," nikamwambia. "Jifunike shuka."

Akainamia pamba yake. Alijua.

Jioni nikamsimulia mama. Alicheka jinsi ambavyo sikuwahi kumsikia tangu kiangazi kianze, akapiga makofi, akataka nirudie pale pa shuka. Nikarudia, na sauti ya jirani nikaiigiza. Akacheka tena, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Nilimshika mgongo, mbavu zake zikipanda na kushuka chini ya kiganja changu, mpaka akapata usingizi.

Mfereji bado uko wazi. Naye jirani bado ana pamba shambani.