Mazabodi Mbili

Mwaka ule nilichagua mazabodi mbili. Moja ilikuwa yangu. Nyingine nilimchagulia mtu ambaye hatukuwa tunasemeshana naye, bila yeye kujua, na hiyo niliichagua kwa uangalifu kuliko yangu.

Mazabodi ni ule ubao mpana ndani ya kompyuta ambao kila kitu huchomekwa juu yake: ubongo wa mashine, kumbukumbu, kadi ya picha, diski. Watu wengi wakiunda kompyuta ya nguvu hukimbilia kuuliza ubongo gani, kadi gani. Bodi wanaichukua mwishoni, kama mtu anayenunua meza kwa kufuata rangi ya kitambaa. Mtu ninayemsema ndivyo alivyokuwa, na mimi nilimjua vizuri kwa sababu nilimfanyia kazi miaka sita.

Studio yake ipo barabara kuu ya Karatu. Yeye alishika kamera na wateja, mimi nilikaa kwenye kompyuta. Filamu za wanyama wa kreta kwa makampuni ya utalii, harusi za Endabash, mahafali, misiba, vyote vilipita mikononi mwangu kabla ya kutoka. Siku filamu yetu kubwa ya kreta ilipooneshwa hotelini mbele ya wageni, nilisubiri majina ya mwisho yapite. La kwangu halikuwepo. Nilipomuuliza alisema, "Dada, wewe ni wa kubonyeza tu. Mbonyezaji haandikwi." Niliacha kazi wiki ile ile.

Hilo ningelimeza. Alilofanya baadaye ndilo lililonikaa kooni.

Jumapili moja, kabla hatujagombana, studio nzima ilikuja kwetu Mbulumbulu kula. Baada ya chakula baba alisimama uani akatoa slufay, ile dua ndefu ya wazee wa Kiiraqw ambayo mmoja anaongoza na wengine wanaitikia kila mstari. Bosi alikuwa na kamera, akairekodi yote. Mimi sikuisikia, nilikuwa jikoni na dada zangu tunakosha masufuria. Jumatatu niliihamishia kwenye diski, nikaandika juu yake kwa kalamu nene "BABA, USIFUTE", nikajiambia nitaitazama siku nikiwa na baba pembeni. Baba akafa kabla ya siku hiyo. Hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Baada ya mazishi nilikwenda kuiomba diski. Nilikuwa nimeshaacha kazi, lakini niliingia kwa adabu, nguo nyeusi mwilini. Alinitazama akasema, "Kilichorekodiwa kwa kamera yangu ni changu. Ukitaka, rudi kazini." Mama alikwenda mwenyewe mara ya pili, akarudi mikono mitupu. Kuanzia siku ile nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote, na chuki ile ilinipa nguvu ya kuamka asubuhi.

Niliuza mitamba miwili nikaanza kuunda mashine yangu. Muuzaji wa Arusha alinitumia picha za bodi kwenye simu, na aliyoisifia zaidi ilikuwa moja yenye taa za rangi, ngao inayong'aa na joka limechorwa juu. "Dada hii ni kali, hii ndiyo mjini wanachukua," alisema. Nilimwomba anipe siku mbili. Nikapakua vitabu vya maelekezo vya bodi tano, nikavisoma vyote pale mezani kwangu nikiwa na chai, ukurasa kwa ukurasa.

Katika kitabu cha ile ya joka nilikuta maandishi madogo chini ya jedwali. Bodi ilikuwa na matundu sita ya kuchomeka diski za kawaida. Ilikuwa pia na nafasi tatu za zile diski mpya nyembamba kama kipande cha bigijii. Ukijaza nafasi ya tatu, tundu la tano na la sita yanazimika. Hakuna taa ya kukuonya, hakuna ujumbe. Diski inakaa pale, haionekani, kama vile imekufa.

Niliweka kikombe chini nikacheka peke yangu.

Nilimjua bosi wangu. Hajawahi kufungua kitabu cha maelekezo, huwa anakitupa pamoja na boksi la ndani. Akiona nafasi, anaijaza. Diski zake za wateja huzichomeka kwanza, kuanzia juu. Za zamani huziweka chini kabisa, na ya baba ilikuwa ya sita, mimi mwenyewe niliipanga. Diski isiyoonekana kwake ni maiti, na yeye hana haja na maiti, anampa yeyote anayezitaka. Miaka sita nilikuwa nikizifufua kimya kimya nyuma yake.

Yangu nilichagua bodi nyingine kabisa, bodi ya kazi, ya rangi ya kijani iliyofifia, haina taa hata moja. Kila tundu lake linafanya kazi hata yote yakiwa yamejaa. Inabeba kumbukumbu mara mbili ya ile ya joka, na mahali umeme unapoingilia pamezungushiwa vyuma vizito vya kupoozea, maana mashine ya filamu inachemka kutwa nzima. Muuzaji alishangaa. Alishangaa zaidi nilipomwomba kitu kimoja: anipakilie bodi hiyo ndani ya boksi tupu la ile ya joka, alilokuwa ameliweka dirishani kwa maonesho.

"Kwa nini, dada?"

"Nimelipenda boksi."

Hapa Karatu mzigo wa basi haufichiki. Vifurushi vya Arusha vinapangwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mabasi, jina la mtu likiwa limeandikwa kwa kalamu nene, na kila anayekuja kuchukua chake anasoma vya wenzake kwanza. Hivyo ndivyo tunavyojua nani ananunua runinga na nani anafunga ndoa. Bosi alikuwa anapita pale kila siku mchana, na hakuwahi kukubali mtu amzidi mashine. Mimi nilichelewa kwa makusudi. Boksi langu lilikaa kwenye benchi siku mbili, joka likiwaangalia watu.

Siku ya tatu nilipofika, karani wa vifurushi aliniambia, "Dada, bosi wako wa zamani alilipiga picha hilo boksi lako. Aliligeuza pande zote." Nikamwambia asante. Nililibeba kifuani mpaka nyumbani.

Hakupita mwezi, boksi kama lile likashuka kutoka kwenye basi lile lile na jina lake juu. Alinunua pamoja na diski tatu nyembamba. Nilisikia kwa watu watatu tofauti, maana alisimamisha mashine dirishani taa zikiwaka ili wapita njia waone. Mimi nilikuwa nimeshawasha yangu chumbani, nikawa napiga kazi na kusubiri. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Nilikula vizuri siku zile.

Alinikuta sokoni, mimi nachagua vitunguu. Aliniita kwa sauti ili watu wasikie. "Aisee dada, zile diski zako ulizoziacha zimekufa mbili. Ya baba yako mojawapo. Kazi yako ya kubonyeza hiyo. Njoo uichukue ukaizike, mimi sina makaburi ofisini."

Niliinamisha uso. Nilitaka aone nimeumia, na aliona, akafurahi. Jioni ile alinikabidhi diski ya baba kwenye mfuko wa rambo, akitabasamu, mlangoni mwa studio yake. Nikasema, "Asante, kaka."

Kwenye mashine yangu ilifunguka mara moja. Sauti ya baba ikajaa chumba, kavu, polepole kama alivyokuwa, na watu wa kwetu wakimwitikia. Nililia. Nilimsikiliza akiombea mvua, ng'ombe, wajukuu ambao hawajazaliwa. Kisha akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye kamera, yaani alimtazama aliyeishika. Akasema kwa Kiiraqw, "Na huyu mgeni aliyempa binti yetu kazi, nyumba yake iwe na joto. Asikose mtu wa kumrudia." Watu wakaitikia.

Niliirudisha nyuma nikasikiliza tena. Mara ya tatu nikashika kipanya nikaikata ile dua ya mgeni. Sekunde kumi na moja. Niliziunganisha ncha mbili vizuri, nikalainisha sauti, kazi ambayo hakuna mtu Karatu angeigundua. Kile kipande nikakiweka kwenye folda yake peke yake.

Jumapili niliipeleka Mbulumbulu kwenye flashi, tukaitazama kwenye runinga ya mama. Mama hakukaa. Alisimama mbele ya runinga, mikono imekunjwa ndani ya kitenge, akawa anamwitikia baba mstari kwa mstari, na dada zangu wakamfuata. Walipofika pale nilipokata, baba aliendelea na mstari mwingine, lakini mama akaitikia ule ambao haukuwepo. Sauti yake ilisikika peke yake. Akageuka.

"Hapa kuna neno limetoka."

"Labda diski imeharibika kidogo, mama. Ilikaa sana kwa yule."

"Haijaharibika. Nilisimama nyuma ya baba yako siku hiyo, nikaliitikia." Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. "Alipokuwa hai hakuna mtoto wangu aliyewahi kumkatiza akiomba. Lirudishe."

Nikamwambia mashine iko Karatu, siwezi kulirudisha pale. Iko Karatu kweli, na kipande bado ninacho. Nikifungua folda ile, kidole kinakaa juu ya kipanya, halafu namwona yule mtu sokoni akicheka, naifunga. Mama anauliza kila nikipanda nyumbani, na kila mara namjibu bado.