Unene wa Mama Mkubwa Nsimire

Nakumbuka mwezi wa sita mmoja, vita vya pili vya hapa kwetu vikiwa bado havijaisha, tulipomzika mama mkubwa Nsimire, dada ya mama yangu, aliyenilea. Watu wengi wa Bukavu wakati ule waliuawa na risasi au njaa. Yeye, mwanangu, aliuawa na kansa ya titi. Kilio chake kilikuwa kifupi. Watu walikuwa wamechoka kulia.

Katika vita vya kwanza alikimbilia porini akarudi mifupa mitupu. Pale mtaani kwetu Kadutu, rafiki zake walimpita bila kumtambua. Baadaye akaanza kukaanga maandazi mlangoni kwake, akanenepa. Kila Jumapili baada ya misa rafiki wale wale walimshika mikono.

"Nsimire, umenona! Vita haikukuona!"

Alicheka kwa furaha. Kwa kuogopa askari aliacha kupanda kilima kwenda sokoni. Siku nzima alikaa karibu na karai la mafuta, na chai yake ilikuwa sukari tupu.

Siku moja jirani yetu Maman Furaha, muuguzi, alimpima nikiwepo.

"Sukari iko juu, tension ya damu pia. Na siku zako za mwezi zilishakatika. Mwanamuke akifika hapo, mafuta ya mwili ndiyo inaendelea kutengeneza homoni, na ile homoni inaweza kulisha kansa ya titi. Punguza sukari, utembee. Ukisikia kidonge, uvimbe mugumu, kwa titi, ukuje mara moja."

"Nikonde tena? Waseme niko na SIDA, ule ukimwi? Njaa ilinikondesha bila kuniuliza. Weye unaniuliza, basi nasema hapana!"

Tulicheka wote, hata muuguzi.

Kidonge kilipotokea, alikifunika kwa kikwembe chake cha kujifunga. Nilikiona siku aliposhikwa na malaria, nikimwogesha. Ngozi ilikuwa imevutwa ndani. Nilimwita Maman Furaha, tukampeleka hospitali. Daktari alisema ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alikufa mwembamba kuliko alivyotoka porini.

Sikuambii kwamba unene ndio uliomuua. Hakuna awezaye kuapa hivyo. Hata watu wembamba huugua. Lakini hatari huongezeka, na kuchelewa hatukulazimishwa na mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, usimsifu mtu kwa tumbo, wala usimcheke aliyekonda. Hedhi yako itakapokoma, usidhani mwili umemaliza kazi. Tembea, punguza sukari na mafuta, pima damu na presha, na titi likibadilika sema siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi nami siku zangu za mwezi zimekwisha. Jana nilipanda kwa miguu hadi kituo cha afya, nikapimwa sukari na upana wa tumbo, matiti yakakaguliwa. Sukari imezidi kidogo. Leo asubuhi nimekunywa chai bila sukari, si tamu hata kidogo. Mungu akupe uzee, mwanangu, na akupe mwili wa kuubeba.