Mbabula ndefu ya Huseni

“Mama Maxime, na we unapikia bado ile mbabula ya Huseni?”

Mwavita aliniuliza hivyo akiwa amekaa mlangoni pake hapa Buyenzi, mguu umefungwa kitambaa.

Huseni ni fundi wa mabati, jirani yetu wa zamani, mtu wa swala na salamu. Wakati wa embargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, barabara za milimani hazikuwa salama kwa vita, mkaa ukawa unatafutwa kama dawa. Ndipo akatutengenezea jiko jipya la mkaa, mbabula ndefu na nyembamba, imepakwa udongo ndani ili itunze moto kwa makaa machache. Aliijaribu mbele yetu kwa sufuria ya maji, na maji yakachemka upesi ajabu.

“Kumbe leo tutakula maji, Huseni?” Mwavita alimtania.

“We nunua tu, dada. Utanishukuru.”

Akanunua. Jioni akasonga bugali. Wanawake mnajua bugali wa watu wengi unavyotaka nguvu, mwili mzima unaingia kwenye mwiko. Mbabula ikayumba, ikalala, na sufuria ikamwagikia mguu wake.

Huseni alikuja mbio. Hatukumsikia akisema ni ajali, wala ni mapenzi ya Mungu. Alisema, “Mi nilipima moto. Kusonga sikufikiria hata kidogo.”

Alizikusanya zote alizouza. Yangu nilimwambia aniachie, kwa maharage inafaa.

“Apana, Mama Maxime. Ilete.”

Nyundo yake ikanyamaza. Mke wake aliniambia kwamba akitengewa bugali anauangalia tu, halafu anaomba ndizi. Njiani alikuwa anavuka upande wa pili asipite kwa Mwavita. Nilikuwa nawaombea wote wawili, maana na yeye alikuwa na kidonda.

Mguu wa Mwavita ulipopona, Huseni alikuja kwake amebeba mbabula nyingine, fupi, miguu imepanuka, na vyuma viwili vya kubana sufuria. Mwavita hakumkaribisha kiti.

“Na hii umeijaribu na maji?”

“Nimeisongea mwenyewe, haikuanguka. Lakini mikono yangu ni ya nyundo, dada. Siiamini. Sitauza hata moja kabla we hujaijaribu.”

Aliiweka chini bila moto. Sufuria aliyokuja nayo ilikuwa imejaa udongo mzito, ule wa matofali, na mwiko umesimama ndani. Akapiga magoti.

“Dada Mwavita, naomba usonge huu udongo kama unavyosonga bugali ya watoto wako. Mi nitashika miguu ya mbabula, nisikie unavyoivuta.”