Samaki wa Bule na Maji ya Rangi ya Chai

Baba yangu, Bule, ni dalali wa mifugo. Sokoni wanasema anaweza kumtazama ng'ombe kwa nyuma na kukueleza alikunywa maji ya kisima gani. Ndiyo maana watu wa mtaa wetu wa Wabera walishangaa waliposikia anafuga samaki, viumbe ambao ukoo wetu hauli, haugusi, na ukiwataja wakati wa chakula unaombwa ukae nje kidogo.

Tangi lenyewe aliachiwa na Bwana Kiarie, afisa wa serikali aliyehamishwa na kukosa nafasi ya kulipakia kwenye lori. Baba alilipokea kwa adabu tu. Lakini haukupita muda, tukaanza kumkuta sebuleni ameketi mbele ya kioo, simu ya wateja ikilia mfukoni, na yeye amenyamaza kama mtu aliye msikitini. Aliwapa samaki majina kwa rangi zao, vile ng'ombe hupewa: Dima yule mwekundu, Guracha yule mweusi. Alipotoka kwenda sokoni aliwaaga. Mama alisema tangu waoane hajaagwa vizuri hivyo.

Akko, nyanya yetu aliyemzaa baba, hakutaka hata kuwaona. Aliwaita nyoka wafupi, na akageuza kiti chake ili awape mgongo.

Kisha maji yakaanza kubadilika. Mwanzoni yalifanana na maji yaliyosuuziwa kikombe cha chai. Baadaye yakawa chai yenyewe, strungi isiyo na maziwa, na juu yake utando mwembamba uliong'aa kama mafuta. Samaki wakawa wanapanda juu na kufungua midomo kama wazee wanaosubiri zamu ya kusema.

Ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Wazee kutoka Chechelesi walikuwa wametuma salamu kwamba Jumamosi watafika kuzungumza habari za dada yangu Habibo, na wangeketi sebuleni, ana kwa ana na lile tangi.

"Baba Habibo," mama alisema, "sitaki watu waende kusema msichana ametoka nyumba yenye dimbwi."

"Maji yatakuwa safi."

"Yasipokuwa safi, Gerishon aje achukue. Ameomba siku nyingi."

Gerishon ni jirani yetu mwenye duka la dawa za mifugo. Alilitaka tangi ili watoto wavute mama zao dukani. Baba aligeukia tangi. Alimtazama Guracha, na Guracha akamtazama yeye, na nikaona kwamba hata kuuza fahali wake bora hakujawahi kumtia uso ule.

Akaanza uchunguzi kama anavyochunguza ng'ombe aliyekonda. Kwanza alishuku chakula, akawafunga samaki midomo siku nzima. Maji hayakubadilika. Akatoa changarawe alizookota mtoni, akazichemsha kwenye sufuria ya mama. Hilo lilileta kesi nyingine ambayo sitaieleza hapa. Akafua sponji ya kichujio mpaka ikararuka. Akaziba dirisha kwa leso, eti jua linapika maji. Tukakaa gizani mchana kama watu wenye msiba, na maji yakabaki vilevile.

Akamwita Gerishon, ambaye aliinama mbele ya kioo, mikono mgongoni.

"Ng'ombe akikojoa rangi hii, mimi nampiga sindano," Gerishon alisema.

"Huyu utampiga wapi?"

"Ndiyo shida ya mgonjwa asiye na matako. Bule, nipe mimi hawa. Kwangu watapata hewa ya dawa."

"Wewe unakuja kuona mgonjwa au kugawa urithi?"

Dawa moja tu baba aliiamini: kubadilisha maji. Bwana Kiarie alikuwa amemfundisha kwamba maji ya mfereji yana dawa ya kuua wadudu, kwa hivyo ni lazima yalale kwanza kwenye chombo ndipo wamwagiwe samaki. Baba alikuwa na ndoo ya bati yenye kifuniko, iliyokaa nyuma ya jikoni kwa kazi hiyo tu. Kila maji yalipozidi kuwa mabaya, aliongeza bidii. Alichota machafu, akamimina mapya, na kesho yake rangi ilikuwa imekolea kuliko jana.

"Wanakula maji," alisema kwa unyonge. "Wanayala halafu wanatoa haya."

Siku mbili kabla ya wageni, alipanga gilasi tatu mezani. Moja alijaza kwenye mfereji, moja kwenye tangi, na moja kwenye ndoo. Alitaka kujua ugonjwa unaanzia wapi. Wazo lilikuwa zuri, ila simu ya mteja ilimtoa nje. Wakati huo Gerishon akaingia akitoka juani, akakaa, na kwa kuwa katika nyumba yetu mgeni huwekewa maji bila kuulizwa, akachukua gilasi iliyokuwa karibu naye, akanywa yote.

Baba aliporudi alimkuta akilambalamba midomo.

"Umekunywa ipi?"

"Ya huku. Kwani ni ya nani?"

"Ya samaki."

Gerishon aliiweka gilasi chini polepole. "Imetoka ndani ya tangi?"

"Hapana, hiyo ni ya ndoo. Bado hawajaiogelea."

"Mungu asifiwe," alisema, akapumua. Kisha akatafakari. "Lakini Bule, ina moshi. Ina ladha ile ya maziwa ya mama yako."

Baba alisimama. Nilimwona akigeuza shingo, polepole, kuelekea jikoni.

Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Chombo cha maziwa hakiwi safi kwa kuoshwa tu. Unachoma vijiti vya mti mzuri, unavitia ndani vikiwa moto, unafunika, unatikisa, moshi unaingia mpaka kwenye kuta, na maziwa hukaa bila kuharibika. Akko amefanya hivyo tangu utotoni, na mikono yake haijui kupita karibu na chombo kinachonuka.

Tulimkuta nyuma ya jikoni. Ndoo ya bati ilikuwa katikati ya magoti yake, imeshamwagwa maji, moshi ukitoka chini ya kifuniko.

"Mama," baba alisema kwa upole, "hiyo ni ya nini?"

"Ni ya nyoka wako."

"Umekuwa ukiifukiza?"

"Sasa nani angefukiza? Mke wako ana kazi, wewe uko sokoni." Aliitikisa ndoo kwa ustadi. "Ulisema ni mifugo yako. Nikapita hapa nikasikia chombo chao kinanuka uvundo. Nikaona aibu. Watu watasema mifugo ya Bule inanyweshwa kwenye uchafu."

Baba alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amekuja kulalamika, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba mama yake, aliyewapa samaki mgongo, amewahesabu ndani ya zizi.

"Mama, hawa hawanywi tu hayo maji. Wanayapumua."

"Wanapumua maji?"

"Yale yale. Kwao huo moshi ni kama sisi kufungiwa jikoni."

Akko aliacha kutikisa. "Na wewe muda huu wote hukuniambia?"

"Hukutaka nikuambie habari zao."

"Sikutaka kuwaona. Sikusema wafe." Akaisukuma ndoo mbali naye kama iliyomuuma. "Maskini wa Mungu. Nenda ukalete ndoo nyingine, unakaa hapa unanitazama."

Ndoo mpya ilipatikana, lakini samaki hawabadilishiwi maji yote kwa mara moja, wanaweza kufa. Baba alibadilisha kidogo kidogo, na Jumamosi ilipofika maji yalikuwa bado yana rangi ya chai iliyotiliwa majani kwa uchoyo. Mama aliyatazama mara moja tu, akapiga simu. Gerishon akafika getini na mkokoteni kabla ya wageni, amevaa shati safi.

Alipoingia sebuleni alimkuta Akko ameketi mbele ya tangi. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa. Magoti yake yaligusa kioo.

"Mama, tupishe kidogo tubebe," Gerishon alisema.

"Mubebe nini? Mgonjwa anayepona hahamishwi."

Mama akamwashiria Gerishon asubiri getini. Mama mkwe habishiwi siku ya wageni.

Wazee wakaingia, salamu zikapita, hali ya mvua ikaulizwa, malisho yakaulizwa. Mkubwa wao akalikazia macho tangi.

"Na hawa wanaoishi ndani ya chai?"

"Ni mifugo ya mwanangu," Akko alisema. "Walivuta moshi. Sasa wako wazima."

"Alhamdulillahi. Wana maziwa?"

"Hawana."

"Nyama?"

"Sisi hatuli."

"Basi wana kazi gani?"

Akko alifikiri. "Bule akiwatazama hagombani na mtu."

Mzee yule aliwageukia wenzake, akawaambia kwamba kuna ngamia wengi wasioweza kazi hiyo. Wakacheka, na mazungumzo ya Habibo yakaanza vizuri.

Mama alitoka mpaka getini, Gerishon alikokuwa amekalia mkokoteni wake.

"Rudi nyumbani. Sasa wamekuwa wa mama mkwe."

"Na mimi nilishawatengea nafasi, kati ya dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe."

"Weka kuku," mama alisema, akafunga geti.